Mheshimiwa Mpangaji na Ukuta wa Bi Ruzuna

Ipo nchi ambayo raia wake hawaruhusiwi kulitaja jina lake wakiwa na hasira. Kwa kuwa kisa hiki kina watu wenye hasira ndani yake, jina lenyewe itabidi tuliache lilipo. Itoshe kusema ni nchi tulivu mno. Utulivu wake una wizara, yenye waziri na manaibu na magari, na raia wakiulizwa habari hujibu "nzuri" hata kama mabegani wamebeba jeneza.

Katika nchi hiyo, kwenye mtaa uitwao Makutini, aliishi mjane mmoja, Bi Ruzuna. Alikuwa na nyumba ya vyumba sita, vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati. Aliijenga na marehemu mumewe, Mzee Shomvi, tofali kwa tofali, mume akifyatua na mke akisomba mchanga kwa ndoo huku mimba ikiwa tumboni. Shomvi alikufa choo kikiwa bado hakijapigwa plasta. Watoto walikwenda mbali kutafuta maisha, na waliyapata huko huko. Bi Ruzuna akabaki na nyumba. Upande wa kushoto alikaa mwenyewe na vyombo vyake, upande wa kulia akapangisha.

Chumba cha nyuma alikaa Sikudhani, mwanamke kijana aliyeuza vitumbua asubuhi na kulea mtoto wake mchanga siku nzima. Chumba cha kati alikaa Mzee Lihami, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi, ambaye tarumbeta lilikuwa limemla masikio hata akawa akizungumza kwa kupaza sauti. Chumba cha mbele alikaa karani mmoja mpole, Teofili Kandege.

Teofili alikuwa mpangaji ambaye kila mwenye nyumba humwomba Mungu ampate. Kodi aliilipa kabla hajaulizwa. Korido aliifagia hata isipokuwa zamu yake. Alipougua malaria, Bi Ruzuna alimpikia uji na kumfuta jasho, naye tangu hapo akawa anamwita Mama.

Kisha Mheshimiwa Rais akaegemea ukuta.

Ilikuwa katika ziara ya chuo kimoja. Rais alichoka kusikiliza risala, akaegemea ukuta nyuma yake, na alipoinuka koti lilikuwa jeupe kwa chokaa. Wasaidizi waliganda kwa hofu. Aliyesogea na kumpangusa mgongo kwa leso yake mwenyewe alikuwa karani aliyekuja kubeba mafaili, Teofili Kandege. Kufikia magharibi nchi ilikuwa na Idara ya Kuta za Taifa, na Idara ilikuwa na Mkurugenzi Mkuu, na Mkurugenzi Mkuu alikuwa amepanga chumba kwa Bi Ruzuna.

Bi Ruzuna alimpikia pilau ya kumpongeza. Alifurahi kama mzazi. Alidhani pia kwamba atahamia nyumba ya serikali, akaanza kumhesabia siku kwa huzuni kidogo. Lakini nyumba ya serikali ya cheo hicho ilikuwa bado inachorwa, na mchoraji alikuwa masomoni. Zaidi ya hayo, gazeti liliandika kwamba Mheshimiwa ameamua kwa unyenyekevu mkubwa kuendelea kuishi baina ya kuta za wananchi.

Nyundo zilianza wiki hiyo hiyo. Bi Ruzuna alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, akabisha hodi.

"Shikamoo, Mama," alisema Teofili. Alikuwa amevaa tai, na nyuma yake vijana walikuwa wakipasua ukuta wa barabarani.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia nyundo."

"Hapana, Mama. Huo ni mpango."

"Mpango wa nini?"

"Mlango wa itifaki. Mtu wa cheo changu hawezi kupishana na ndoo za vitumbua koridoni. Siyo mimi ninayekataa, Mama. Ni cheo."

Mlango wa itifaki ulitobolewa. Baadaye likatobolewa tundu la kiyoyozi, ambalo mbuzi angepita bila kuinamisha pembe. Kiyoyozi chenyewe hakikuja, lakini kilizinduliwa. Halafu ikaonekana kwamba Idara haina ukumbi wa mikutano, na kwamba baina ya Idara na ukumbi wa mikutano hakuna kinachozuia ila ukuta mmoja, ule unaotenga chumba cha mbele na chumba cha Mzee Lihami. Ulibomolewa kwa asubuhi moja. Lihami, ambaye hakusikia kitu, aliamka akakuta kitanda chake kiko katikati ya kikao cha bajeti. Aliwasalimu wajumbe, akajifunga shuka, akatoka. Tangu siku hiyo alilala koridoni, kwenye mkeka, kichwa kikielekea mlango wa Sikudhani.

Mambo hayo yote Bi Ruzuna aliyameza. Alijiambia kwamba kijana amelewa cheo na atalevuka. Alinunua pazia kwa ajili ya Lihami. Lakini asubuhi moja Sikudhani alimjia jikoni, mtoto mkononi.

"Bibi, tazama."

Uso wa mtoto ulikuwa na vumbi jeupe, laini kama poda. Bi Ruzuna alimfuta kwa upindo wa khanga. Chini ya vumbi mtoto alikuwa amelala vizuri tu.

"Kila nikiamka namkuta hivi," Sikudhani alisema. "Mwanzo nilidhani ni unga wangu wa mchele."

Waliingia chumbani, wakatazama juu. Kutoka pembe ya mlango, ufa ulikuwa umepanda ukuta, ukapita juu ya kitanda, ukaingia chini ya boriti iliyobeba paa. Bi Ruzuna alichomeka kidole. Kilizama chote.

Alimwita Fundi Mparange, aliyewahi kufanya kazi na Shomvi. Fundi aligonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza, akaenda kutazama ukumbi wa mikutano kupitia tundu la kiyoyozi, akarudi.

"Ule waliobomoa ndio uliokuwa umebeba," alisema. "Sasa boriti yote imekaa juu ya huu wa nyuma, na huu ni wa kutenga tu, haukujengwa kwa mzigo. Utashuka, Mama. Siwezi kukwambia lini. Mvua ikinyesha sawasawa, utashuka."

"Njoo ukaseme hayo kwa Mwenyekiti."

Fundi alitazama viatu vyake. "Mama, siku hizi hata mwiko wa kujengea una leseni. Na leseni inatoka kwenye Idara ya Kuta."

Bi Ruzuna akaenda peke yake. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Habili, alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti chenye mto.

"Nyumba yangu ina ufa," Bi Ruzuna alianza.

Mwenyekiti aliinua mkono polepole. "Bi Ruzuna, neno hilo. Tangu Idara ianzishwe, neno hilo limepandishwa cheo. Halitumiwi na kila mtu. Wewe sema mstari."

"Basi mstari. Mstari unaomeza kidole, na chini yake analala mtoto mchanga."

"Nakusikia na nakuhurumia. Malalamiko ya kuta yanapelekwa Idara ya Kuta."

"Na Idara ya Kuta si ndiye mpangaji wangu?"

"Ndiye."

"Kwa hiyo nikamshtakie yeye kwake."

"Ukamweleze kwa heshima," Mwenyekiti alisema. "Tofauti ni kubwa."

"Na nikitaka ahame? Nyumba ni yangu."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi hauliwi. "Mtumishi wa ngazi hiyo hahami, Bi Ruzuna. Huhamishwa. Na anayeweza kumhamisha ni mmoja tu, naye hajui kama wewe una nyumba."

Bi Ruzuna aliporudi aliwaambia Sikudhani na Lihami wachukue vitu vyao wahamie upande wake wa kushoto. Walihama mchana ule ule. Jua lilikuwa halijatua Mwenyekiti alipofika na mgambo wawili. Ilielezwa kwamba mpangaji anayekimbia chumba anatoa kauli kuhusu ukuta, na kwamba raia wa kawaida hana mamlaka ya kutoa kauli kuhusu kuta, hata kwa kunyamaza, hata kwa miguu. Mgambo walibeba kitanda cha Sikudhani wenyewe na kukirudisha pale pale. Mmoja wao, kwa nia njema, alikisogeza zaidi ukutani ili mtoto asianguke.

Hata hivyo malalamiko hayakupuuzwa. Katika nchi ile hakuna kinachopuuzwa. Idara ilitangaza kwamba Mkurugenzi Mkuu atakuja mwenyewe kukagua.

Siku ya ukaguzi Teofili alitoka kwa mlango wake wa itifaki, akapanda gari. Msafara ukazunguka soko lote kwa ving'ora, ukapita mbele ya shule ambako watoto walipunga bendera, ukarudi Makutini na kusimama mbele ya nyumba ile ile. Alishuka. Mwenyekiti alimkaribisha mtaani. Akina mama waliopangwa wakapiga vigelegele. Teofili alitazama nyumba huku na huku, kama mgeni, akauliza, "Na mwenye nyumba ni nani?"

Bi Ruzuna alisukumwa mbele. Mheshimiwa alimpa mkono. "Nimefurahi kukufahamu, Mama," alisema.

Bi Ruzuna alimtazama machoni. Alitafuta chochote, hata aibu, hata kope kupepesa. Aliona macho ya mtu aliyekuwa akitazama kitu kilicho nyuma yake, mbali.

Ukaguzi haukuchukua muda. Mheshimiwa alisimama chini ya ufa, akautazama mahali usipokuwapo, akaweka kiganja ukutani. Vumbi lilimwagikia begani, na msaidizi akalipangusa haraka kwa leso, kwa matumaini. Kisha wakatoka uani, naye akahutubia.

"Ndugu wananchi. Nimeuona ukuta huu kwa macho yangu. Ukuta ni mzima. Kilichopasuka hapa ni imani ya mwenye nyumba." Watu walipiga makofi. "Wataalamu wangu wamebaini kwamba ndani ya nyumba hii yumo mkazi mmoja anayelalamika mfululizo, na malalamiko ni mtikisiko. Sheria iko wazi. Anayeishi ndani ya nyumba na kuitikisa huyo ni Mpangaji Msumbufu. Sheria haikusema kwamba lazima awe amepanga."

Hivyo Bi Ruzuna akawa Mpangaji Msumbufu katika nyumba aliyoisombea mchanga. Alipewa onyo la kwanza, na Mwenyekiti akampongeza kwa kupewa la kwanza badala ya la mwisho.

Jioni ile, kabla ya taa kuwashwa, alikwenda kubisha chumba cha mbele. Hakuwa na hotuba. Alitaka tu kuzungumza na yule kijana ambaye yeye alimfuta jasho la malaria. Mlango ulikuwa wazi, na Teofili alikuwa akifunga begi dogo. Tai aliivua, na bila tai alionekana mwembamba. Kitanda hakikuwa na shuka. Hakikuwa na hata godoro.

"Hulali hapa," Bi Ruzuna alisema.

Teofili alikunja tai, akaiweka ndani ya begi.

"Tangu lini?"

"Nina chumba hotelini, Mama. Kwa gharama za Idara. Alfajiri narudi, natokea hapa." Aliketi juu ya chaga za kitanda kitupu. "Unadhani siuoni ule ufa? Nauona. Nililala siku nyingi nimeweka mto kichwani. Lakini nikisema upo, Idara itakuwa imeshindwa kuulinda ukuta wa kwanza ambao iliishi nao. Nitarudi kubeba mafaili. Unajua walivyokuwa wakiniita nilipokuwa nabeba mafaili?"

"Na ukianguka?"

"Ukianguka itakuwa ajali, Mama. Ajali haina idara."

"Sikudhani na mwanawe wamelala chini yake."

Teofili alifunga zipu ya begi. Alifunga polepole, kama mtu anayeomba ifike mwisho bila kukwama. "Mwombe Mungu mvua ichelewe," alisema, na akapita koridoni, akatokea mlango wa nyuma.

Bi Ruzuna alisimama pale mpaka giza likaingia. Hakulia. Alihisi kitu kibaya zaidi ya kilio. Kijana hakuwa mjinga wala hakuwa kipofu, na yeye muda wote alikuwa akitumaini kwamba ni kimoja kati ya hivyo viwili.

Manyunyu ya kwanza yalianguka wiki ya Sikukuu ya Utulivu. Siku ya sikukuu yenyewe kila raia sharti awepo uwanjani akae kimya pamoja na wenzake, na kilele chake mwaka ule kilikuwa hotuba kuhusu kuta. Mtaa ulikuwa mtupu. Sikudhani alikwenda na mtoto mgongoni, maana kutokwenda kulikuwa na adhabu. Bi Ruzuna alisema ana homa. Alikwenda kwa Fundi Mparange, akamkuta naye ana homa.

"Nataka nyundo kubwa na kamba," alimwambia.

Fundi alimtazama. "Za nini?"

"Nabomoa."

"Nyumba ya Shomvi."

"Upande ule. Leo hakuna mtu ndani. Kesho watakuwamo."

Fundi aliingia ndani. Alikaa huko hata Bi Ruzuna akadhani amejificha. Alipotoka alikuwa amevaa ovaroli yake ya zamani, kamba begani, na leseni yake ya mwiko hakuifunga shingoni kama ilivyotakiwa.

Walimwamsha Mzee Lihami, ambaye wito wa kwenda uwanjani hakuusikia. Ilibidi wamweleze kwa ishara, na alipoelewa alikunja mkeka wake, akaenda akashika ncha ya kamba bila kuuliza. Walitoa sufuria za Sikudhani, nguo za mtoto, unga na kikaango. Kitanda kilikataa kupita mlangoni, fremu ya mlango ilikuwa imepinda kwa uzito wa boriti, wakakiacha. Fundi alilegeza mabati aliyoweza kuyafikia, akafunga kamba kwenye boriti, akawapeleka nje, mbali, karibu na choo kisicho na plasta.

"Mama," alisema, "ukishavuta, hairudi."

Kutoka kwenye redio ya jirani, iliyoachwa ikinguruma kwa mujibu wa sheria, sauti ya Teofili ilikuwa ikiliambia taifa kwamba hakuna taifa lililowahi kuwa na kuta imara kuliko hizi. Bi Ruzuna alizungusha kamba kiganjani. Alimwona Shomvi, kifua wazi, akigeuza tofali juani na kumwambia asinyanyue ndoo nzito katika hali yake. Alivuta.

Boriti ilitoa mlio kama wa ng'ombe. Ukuta wa nyuma ulitoka tumbo, ukakaa hivyo kidogo kana kwamba unafikiri, kisha ukaenda wote, paa nalo likafuata, mpaka ukumbi wa mikutano na mlango wa itifaki. Vumbi lilipotulia Bi Ruzuna alisogea. Kitanda cha Sikudhani kilikuwa kimekatika katikati. Boriti ilikuwa imelala pale ambapo mtoto hulaza kichwa. Lihami aliona anachokitazama, akamshika bega, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alisema kwa sauti ndogo.

"Twende tukakae, dada."

Mgambo walimkuta ameketi juu ya matofali yake. Hakuwataja wenzake, na mgambo hawakuuliza, kwa kuwa taarifa ilikuwa imeshaandikwa kuwa Mpangaji Msumbufu ni mmoja.

Kesi ilisikilizwa kwenye Baraza la Makazi. Mlalamikaji alikuwa Mheshimiwa Teofili Kandege, aliyepoteza makazi. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mzee mstaarabu mwenye kikohozi.

"Kabla ya tukio, nyumba ilikuwa katika hali gani?" aliuliza.

"Nzima," alisema Teofili. "Niliikagua mwenyewe."

"Kwa hiyo mshtakiwa amebomoa nyumba nzima."

"Mheshimiwa," Bi Ruzuna alisema, "boriti iliangukia kitanda cha mtoto. Nendeni mkatazame."

Mzee alikohoa, akashauriana na waliokaa kulia kwake. "Vitanda siyo kuta," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Viko chini ya idara nyingine."

Uhai wa mtoto haukuingizwa katika ushahidi, kwa sababu mtoto alikuwa hai, na sheria haina kifungu cha kitu ambacho hakikutokea. Bi Ruzuna alinyang'anywa kiwanja, ambacho sasa ni bustani yenye bango la kukumbuka ukuta. Aliamriwa kuishi maisha yake yaliyobaki kama mpangaji, na kila anakoomba chumba amweleze mwenye nyumba kosa lake kabla hajapewa ufunguo. Teofili aliomba Baraza limhurumie kwa kutompeleka gerezani, na magazeti yalisifu moyo wake. Mwezi uliofuata alihamishiwa Idara ya Madaraja.

Mzee Lihami alichukuliwa na mpwa wake. Sikudhani hakuwa na mpwa wala shangazi. Alimbeba mtoto mgongoni, akajitwika kikaango na unga, akaongozana na Bi Ruzuna kutafuta chumba.

Walizunguka sana. Bi Ruzuna alikuwa mtu wa kutii, na kila mlango alisema kosa lake kabla ya kusema jina lake. Wengine walifunga mlango taratibu, wengine kwa kishindo. Mmoja aliomba radhi, akaeleza kwamba mpangaji wake wa mbele ni mkubwa wa Idara ya Mabomba, asingependa. Miguu ya Bi Ruzuna ilivimba. Usiku walilala msikitini barazani, na mara nyingine kwa wauza mkaa.

Ng'ambo ya mji walimkuta mwanamke mmoja akianika mihogo mbele ya nyumba ndefu ya vyumba vingi. Wapangaji wake walimwita Mama Kisuda. Aliwatazama, akamtazama mtoto, akasema chumba kipo.

"Lazima nikwambie kitu kwanza," Bi Ruzuna alisema. "Mimi nimewahi kubomoa nyumba."

Mama Kisuda aliacha kugeuza mihogo. "Ya nani?"

"Yangu."

"Kwa sababu gani mtu abomoe nyumba yake?"

Bi Ruzuna alikuwa amekwisha kulieleza jambo hili kwa Mwenyekiti, kwa mgambo, kwa Baraza, na kila mara maneno yalikuwa mengi na hayakufika. Alikuwa amechoka. Safari hii akatafuta jibu fupi.

"Ilikuwa na watu ndani," alisema.

Mama Kisuda alimtazama tena mtoto. Kisha alijifuta mikono kwa khanga, akasogeza jamvi la mihogo ili wapite.

"Ingieni," alisema. "Huyu mtoto apewe maji. Halafu wewe, Mama, kabla hujakaa, nakuomba tuzunguke wote wawili, chumba kwa chumba. Kuna kuta hapa nimekatazwa kuzitazama."